Kabla hamjauza kiwanja

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni jana, Ijumaa, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.)

Ijumaa iliyopita niliahidi kwamba leo ningeendelea na habari za makondakta wa daladala wasiorudisha chenji. Naomba radhi. Makondakta watangoja, kwani hawaendi popote. Jumatatu usiku nilipata ujumbe katika simu yangu, na tangu hapo sijapata nafasi ya kufikiri jambo jingine.

Ujumbe wenyewe, nikiufupisha, ulisema hivi: "Shikamoo mzee. Nakusikiliza kila Ijumaa. Nina mdogo wangu wa kike, ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa pili hashoni. Anakaa kitandani, halali, hali, hachezi na mtoto wake. Tumekwenda kwenye maombi, tumekwenda kwa mganga. Hospitali walisema ni sonona, wakampa vidonge, havikumsaidia. Sasa binamu yetu ametuletea kwenye simu picha za hospitali ya India wanakotibu sonona kwa sumaku ya kichwani. Jumapili kuna kikao cha ukoo cha kuuza kiwanja cha marehemu baba ili apelekwe huko. Je, hiyo sumaku ni kweli au ni utapeli?"

Marahaba, mwanangu. Nilimwomba ruhusa ya kuusoma ujumbe huu hewani, naye akakubali mradi nisitaje jina wala mtaa. Akaongeza neno moja: kwamba baba zake wadogo wawili, ambao ndio watakaokaa kikaoni keshokutwa, wana desturi ya kufungua redio saa hizi. Basi leo nazungumza na kila mtu, lakini wazee wangu hao wawili nawaomba wasogee karibu kidogo.

Nitajibu kwanza swali aliloniuliza, kisha nitakuja kwenye lile ambalo hakuniuliza.

Sumaku hiyo ni kweli. Si ulozi, na India wanayo. Hata taasisi ya serikali ya afya ya akili iliyoko Bangalore, ijulikanayo kwa kifupi NIMHANS, huitumia. Lakini neno "sumaku" limechafuliwa sana hapa mjini. Kuna bangili za sumaku zinazouzwa kwenye mabasi, kuna mikanda ya sumaku, kuna soli za viatu, kuna vikombe vinavyodaiwa kuyatia maji sumaku, na wauzaji wake wanatwambia kwamba vitu hivyo vinaondoa kila kitu, tangu kisukari hadi mkosi. Asije mtu akazima redio akaenda kununua bangili kwa kuwa mimi nimesema sumaku ni kweli. Tofauti yake nitaieleza kwa baiskeli.

Aliyepata kupanda Phoenix usiku anaijua dainamo, ile chupa ndogo ya chuma inayoegemea tairi. Ndani yake mna sumaku, na mna waya wa shaba uliozungushwa. Ukikanyaga pedali, sumaku inazunguka na taa inawaka. Ukisimama kumsalimu shemeji yako, taa inazimika. Sumaku haikuondoka, imo mle mle. Kilichokoma ni mwendo. Jambo hilo aliligundua Mwingereza Michael Faraday mjini London mwaka 1831: sumaku iliyotulia haizai umeme, bali nguvu ya sumaku inayobadilika ndiyo inayozaa umeme katika kitu kilicho karibu nayo. Bangili iliyovaliwa mkononi, ndugu zangu, ni baiskeli iliyosimama.

Sasa ubongo wa binadamu nao hufanya kazi kwa umeme, umeme mdogo sana unaosafiri kutoka seli hadi seli. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mtaalamu wa fizikia ya tiba aitwaye Anthony Barker pamoja na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha katika koili hiyo umeme mwingi kwa muda mfupi mno, usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hawakumchoma sindano, wala waya haukumgusa ngozi. Nguvu ya sumaku ilipenya fuvu kana kwamba hapana mfupa, na ilipofika ndani ikazaa umeme katika ubongo. Mkono wa mtu yule ukaruka wenyewe bila mwenyewe kukusudia.

Wakati huo hawakuwa na habari na sonona. Walikuwa wakitafuta njia ya kuchunguza mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni. Ndivyo dawa nyingi zilivyopatikana: mtu anachimba kisima, anakuta madini. Miaka kumi baadaye, 1995, daktari Mmarekani Mark George na wenzake, wakiwa katika taasisi za taifa za utafiti wa afya karibu na Washington, walichapisha habari za wagonjwa sita wa sonona ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa wa namna hiyo ulikuwa umeonyesha kwamba sehemu ya mbele, upande wa kushoto, mara nyingi huwa imezubaa. Basi wakaipiga sehemu hiyo kwa sumaku kila siku. Wawili kati ya wale sita walipata nafuu kubwa. Mmoja wao dalili zilimwisha kabisa kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Tangu hapo tiba hiyo imepata heshima. Marekani iliiruhusu rasmi Oktoba 2008, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwafaa. Uingereza nayo, mwaka 2015, ilitoa mwongozo uliokubali itumike.

Mgonjwa anakaa kwenye kiti, macho yake wazi. Halazwi usingizi, hachomwi chochote, na akimaliza anakwenda zake nyumbani. Kwanza wanatafuta mahali ambapo sumaku ikipiga, kidole gumba kinaruka, na kwa kipimo hicho wanajua ni nguvu kiasi gani inamtosha yeye. Kisha koili inasogezwa mbele, juu ya kipaji cha kushoto. Mashine inagonga, ta-ta-ta-ta, mara kumi kwa sekunde, kwa sekunde nne, inapumzika, inagonga tena. Kwa namna ya kwanza iliyoruhusiwa ni mapigo 3,000 katika muda wa dakika thelathini na saba na nusu, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne mpaka sita. Mwaka 2018 madaktari wa Kanada walionyesha, kwa wagonjwa 414, kwamba mtindo mwingine wa mapigo wa dakika tatu tu haupungui kwa faida ule wa dakika thelathini na saba. Nguvu yenyewe haipenyi sana. Ni sentimita mbili au tatu hivi kutoka juu ya fuvu.

Madhara ni machache. Kichwa kuuma, ngozi ya kichwa kuchonyota, mlio mkali unaotaka mgonjwa azibe masikio. Hatari kubwa ni degedege, na hiyo humpata chini ya mgonjwa mmoja katika elfu. Mwenye chuma kichwani, iwe ni kibanio cha mshipa aliofanyiwa upasuaji au kifaa cha kusikilia kilichopandikizwa sikioni, hafai kabisa kusogezwa pale. Mwenye kifafa lazima aseme mapema.

Na isichanganywe na ule umeme wa kichwani ambao watu wetu wanauogopa, ulioanzia Rome mwaka 1938. Ule humfanya mgonjwa apate degedege kwa makusudi, siku hizi akiwa amelazwa usingizi, na huweza kumwachia usahaulifu. Sumaku haifanyi hivyo. Lakini nisiutukane umeme ule: kwa mgonjwa aliyezidiwa kabisa, asiyekula wala kunywa, bado ndio wenye nguvu zaidi, na walioutukana bila kuujua wamewanyima ndugu zao msaada.

Haya. Mpaka hapa, wazee wangu wawili, mnaweza kusema: kama ndivyo, tuuze kiwanja tukamponye mtoto. Hapana, ngojeni kwanza tuhesabu.

Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani lililogharimiwa na serikali yao, wala si na watengenezaji wa mashine. Wagonjwa walikuwa 190. Kundi moja lilipigwa sumaku ya kweli. Kundi la pili lilikalishwa kwenye kiti kile kile, likasikia mlio ule ule, likahisi hata ule mchonyoto wa ngozi, lakini sumaku haikufika kwenye ubongo; mashine ilikuwa inajifanya tu. Waliofikia kupona katika kundi la sumaku ya kweli ni asilimia 14. Katika kundi la sumaku bandia, asilimia 5.

Kumi na wanne katika mia. Kwa mtu ambaye dawa zimemshinda, hao si wachache, tena ni karibu mara tatu ya wale wa bandia, na ndiyo maana nasema sumaku ni kweli. Lakini themanini na sita katika mia hawakufikia kupona katika jaribio lile. Hao hawamo katika picha za simu ya binamu.

Kuna hesabu nyingine zinazopendeza zaidi. Mwaka 2012 zilitolewa habari za wagonjwa 307 kutoka kliniki 42 za Marekani, ambao madaktari wao walihesabu asilimia 37 kuwa wamepona. Ila pale hapakuwa na kundi la bandia la kulinganisha nalo, wagonjwa waliruhusiwa kuendelea na vidonge vyao, na daktari anayempima mgonjwa wake mwenyewe ni kama mama anayepima uzuri wa mwanawe. Halafu mwaka 2022 wataalamu wa Stanford, California, walipiga sumaku mara kumi kwa siku kwa siku tano tu, wakiwa wamepima kwanza ubongo wa kila mmoja ili kujua wapige wapi, na waliopona walikaribia wanane katika kila kumi. Ni habari ya kuvutia sana na Marekani imekwisha kuiruhusu. Lakini jaribio lenyewe lilikuwa na watu 29 peke yao, kweli na bandia pamoja. Hata daladala moja haijai.

Iliyonikalia kichwani mimi ni hesabu ya mwaka 2018. Ilifanywa katika hospitali za Marekani zinazowatibu askari wa zamani, wagonjwa 164 ambao dawa zilikuwa hazijawafaa. Waliopigwa sumaku ya kweli, asilimia 41 walipona. Waliopigwa bandia, asilimia 37. Wataalamu wanapohesabu, hiyo si tofauti. Nilipolisoma jambo hilo nililirudia mara mbili, nikidhani nimekosea mistari.

Mtu mwepesi atasema: basi sumaku ni uongo. Si hivyo, majaribio mengine yamekwisha kuonyesha kwamba si uongo. Jiulizeni kinyume chake: wale thelathini na saba katika kila mia, walioketi chini ya mashine inayojifanya, walipona kwa nini? Watafiti wenyewe walitaja uangalizi wa karibu na kukutana na watu. Mimi nalitazama hivi. Mtu aliyekuwa amejifungia ndani kwa miaka alilazimika kuamka kila siku ya kazi, kuoga, kuvaa shati na kutoka. Alikofika alikuta mtu aliyemwita kwa jina na kumwuliza usiku umelalaje, akasubiri jibu. Kesho yake vile vile. Mtondogoo vile vile. Wiki zikapita hakuna aliyemwambia kwamba ni mvivu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kumwambia mtu kwamba ni mvivu. Alikuwa kaka yangu, dereva wa lori, mtu wa kwenda Tunduma na kurudi. Siku moja akapaki, akaingia ndani, akakaa. Hospitali wakampa vidonge. Siku ya saba mdomo ulikuwa unamkauka na usingizi unamlemea mchana, nami, msomi wa familia, nikamwambia aachane navyo, ni vidonge vya wendawazimu. Akaviacha. Alikuja kupata nafuu baada ya miaka mitatu, lakini kazi alikuwa amekwisha kuipoteza, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Hatujapata kulizungumza jambo hilo mimi naye. Yeye husikiliza kipindi hiki, kwa hiyo kaka, leo umelisikia.

Sasa nije kwenye lile ambalo binti huyu hakuniuliza. Jumanne nilimpigia simu. Nikamwambia, mwanangu, umesema vidonge havikusaidia. Mgonjwa alivimeza kwa muda gani? Akafikiri, akasema siku kumi na mbili. Kwa nini aliviacha? Kichefuchefu, akasema, na shangazi mmoja alisema vitamfanya teja.

Siku kumi na mbili! Jamani, vidonge vya sonona si panadoli. Wiki za kwanza mara nyingi huleta adha kabla ya kuleta faida. Faida yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki mbili, tatu, hata sita, na daktari anaweza kuongeza kipimo au kubadili dawa kama ya kwanza haikufaa. Havimfanyi mtu teja, ila havitakiwi kuachwa ghafla. Dawa zenyewe zipo za bei nafuu. Amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sumaku, popote ilipopata kibali, haikuletwa ichukue nafasi ya vidonge vilivyoachwa siku ya kumi na mbili. Imeletwa kwa ajili ya mtu aliyevitumia sawasawa vikamshinda, au ambaye kweli mwili wake haukuweza kuvistahimili mbele ya daktari anayejua. Mgonjwa wetu hajafika huko. Yeye ni kama msafiri aliyeshuka Chalinze akasema treni ya Dodoma haifiki. Na tena alipanda basi.

Nikauliza pia ugonjwa ulianza lini. Miezi miwili baada ya kujifungua. Je, hospitali waliambiwa hivyo? Hapana, hawakuulizwa na wao hawakusema. Je, alipimwa damu, alipimwa tezi ya shingo? Hajui. Mambo hayo daktari anayataka, kwani upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi vinaweza kumfanya mtu awe mzito na mnyonge kama mwenye sonona, navyo vina dawa zake.

Halafu nikamwuliza swali ambalo watu wengi wanaliogopa. Nikamwambia: mdogo wako amewahi kusema kwamba heri angekufa?

Simu ikawa kimya. Nilidhani imekatika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mlango uliofungwa: "Mara mbili, mzee. Mara ya mwisho ni juzi. Alisema mtoto nitamlea mimi."

Wazee wangu, hilo halikuwa la kungoja Jumapili. Halikuwa la kungoja viza, wala mnunuzi wa kiwanja, wala hati. Nilimwambia usiku ule ule asimwache peke yake, alale naye chumba kimoja, vidonge vyote na sumu ya panya vitoke ndani ya nyumba, na asubuhi wamwahishe hospitali na waseme kwa kinywa wazi maneno hayo aliyoyasema. Kuna watu wanaoamini kwamba ukimwuliza mgonjwa habari za kutaka kufa, unampa wazo hilo. Sivyo. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humtua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Anayekusikiliza sasa na kujiona katika maneno haya, usilale nalo. Mwamshe mtu aliye karibu nawe, mwambie leo hii, na mwende hospitali.

Jumatano asubuhi walikwenda. Safari hii wakasema yote, habari za uzazi, za siku kumi na mbili, na za juzi. Daktari aliwaweka muda mrefu. Amepimwa damu, ameanzishwa dawa nyingine, na amepangiwa kurudi. Sijui kama atapona kwa dawa hiyo, wala daktari hajui. Ila sasa ameanza matibabu, na miaka miwili iliyopita hakuwa ameyaanza, ingawa sote tungeapa kwamba alikwisha kuyajaribu.

Nayo si habari yake peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 280 duniani walikuwa na sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote.

Kuna jambo la jirani zetu wa Uganda ambalo napenda wazee walisikie kabla ya kikao. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, mahali palipokuwa pamepigwa vibaya na ukimwi. Hapakuwa na mashine wala vidonge. Watu wenye dalili za sonona walikusanywa katika vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na sita, wakiongozwa na mwenzao wa hapo hapo aliyefundishwa, asiye daktari. Walizungumza habari za msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha, na namna ya kusaidiana. Mwanzoni zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na sonona. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, walibaki asilimia 6 na nusu. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, karibu asilimia 55 walikuwa bado wagonjwa.

Sisemi mazungumzo yanashinda sumaku. Wagonjwa wa Rakai si wale wa Washington. Wale wa Washington walikuwa wamejaribu dawa nyingi. Nasema tu kwamba hatua ile iko kabla ya India, na nauli yake ni ndogo.

Basi nini kuhusu kiwanja? Wazee wangu, mimi si mwanaukoo na sina kura. Lakini mngeniuliza, ningesema kisiuzwe kesho kutwa. Mpeni daktari miezi yake. Kama dawa ya kwanza ikitumika sawasawa ikashindwa, na ya pili ikashindwa, na mazungumzo na mtaalamu yakajaribiwa, hapo swali la sumaku litakuwa swali la haki, wala msimwonee haya mtu atakayelileta. Hata hivyo, kabla ya kutoa shilingi moja, daktari wake wa hapa aandikiane na hao wa huko. Waulizeni: mgonjwa wa namna hii, katika mia mnaowatibu, wangapi wanapona, na mmewapima kwa kipimo gani? Ni vikao vingapi, na bei waliyotaja ni ya vikao vyote au ni ya kimoja? Akirudi nyumbani na ugonjwa ukamrudia baada ya miezi sita, kama unavyoweza kumrudia, itakuwaje? Nani atakaa naye huko wiki sita, na mtoto atabaki na nani? Mwenye kujibu maswali hayo kwa utulivu ni mganga. Anayewaambia kwamba nafasi zinakwisha, tumeni fedha leo, huyo hata kama ana mashine ya kweli, mkimbieni.

Na yeye mwenyewe aulizwe. Katika ujumbe ule wote na mazungumzo yetu yote ya simu, sikusikia mahali ambapo mgonjwa alikwisha kuulizwa kama anataka kwenda India. Aketi kikaoni akiweza. Asipoweza, mmoja aingie chumbani akamsikilize, asimhubirie.

Mwisho, siku yake ya kurudi kliniki ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Dada yake ana zamu kazini siku hiyo na amekwisha kukosa mara mbili mwezi huu. Akikosa ya tatu atafukuzwa. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake. Kwa hiyo, baba wadogo, shauri la kwanza la kikao, kabla kiwanja hakijatajwa, naomba liwe hili: Alhamisi asubuhi nani atampeleka?

Makondakta, tukijaliwa, Ijumaa ijayo. Usiku mwema.